Kibuyu Juu ya Kabati la Mwalimu Kemboi

Kitu cha kwanza Cherop alichokiona ndani ya ile ofisi hakikuwa mwalimu. Kilikuwa kibuyu cha mama yake.

Kilikaa juu ya kabati la chuma, nyuma ya kiti cha Mwalimu Kemboi, kimeegemea ukuta kama mgonjwa aliyesahauliwa kwenye foleni. Mkanda wa ngozi ulikuwa uleule. Shanga za buluu zilezile, na katikati yao ile moja ya kijani ambayo Cherop mwenyewe aliishona akiwa nasari, wakati ya buluu ilipopotea. Kifuniko hakikuwepo. Mdomoni kulichomekwa kalamu, rula, na kamwavuli kalikokunjwa.

"Keti, keti," Mwalimu Kemboi alisema, macho kwenye simu. "Wewe ni nani na shida ni gani?"

Cherop alidhani ni utani. Akatabasamu, akangoja mwalimu ainue macho acheke. Macho yaliinuka, yakamwona, yakasita kidogo tu, kama mtu aliyekanyaga kitu kizani, kisha yakarudi kwenye simu.

"Ni mimi, mwalimu. Cherop. Wa Rongai."

"Rongai?" Sauti ilipanda, ikatoka kwa mlango uliokuwa wazi, hadi kwa Shiko, sekretari, aliyekuwa akichapa upande wa pili. "Rongai mimi hupita tu nikienda nyumbani. Sijawahi kufundisha Rongai."

Na hapo ndipo mambo yalipoanza kunuka.

Maana huyo mtu alimfundisha Cherop miaka miwili mizima. Rongai kulikuwa na chuo kidogo cha kompyuta, ghorofani, juu ya duka la mbegu na dawa za ng'ombe. Mashine zilikuwa chache na za kushare, stima ikipotea darasa lote linateremka kunywa chai kibandani. Lakini watu walisoma. Kemboi alikuwa anatoka Nakuru Jumamosi na jioni za katikati ya wiki na kagari kake keupe, anapanda ngazi mbili mbili, anatoa karatasi zake za manjano zilizozeeka na kuanza kufundisha. Programu, data, mitandao. Alikuwa mwalimu mzuri, ukweli usemwe. Alikuwa na hadithi ya fundi wa redio wa Londiani aliyetengeneza kila kitu isipokuwa ndoa yake, na aliitumia kueleza jinsi programu inavyokosea. Watu walicheka mpaka wakaelewa.

Halafu mwenye chuo akakosana na mwenye jengo. Wanafunzi walifika asubuhi moja wakakuta kufuli. Leo ukipanda zile ngazi utakuta magunia ya mahindi na panya.

Cherop alibaki na matokeo yake na maelezo ya kila yuniti aliyosoma, akaambiwa kwamba chuo kikuu kimoja cha Nakuru hupokea wanaohama. Ukikubaliwa yuniti zako, unaingia mwaka wa tatu moja kwa moja. Ukikataliwa, unaanza upya na watoto waliotoka sekondari juzi. Kwao hilo halikuwa jambo dogo. Nyumbani walisoma kwa zamu. Kiplimo, mdogo wake, alikuwa amemaliza kidato cha nne na sasa alikuwa anakamua ng'ombe na kungoja dada yake atoke mlangoni ndiyo naye aingie. Cherop akirudishwa mwaka wa kwanza, Kiplimo ndiye angezeeka zizini.

Kwa hiyo alipoambiwa kwamba anayelinganisha masomo ya wanaohamia idara ya kompyuta ni Mwalimu Kemboi, alimshukuru Mungu barabarani, kwa sauti, mpaka mama mmoja wa mboga akamuuliza kama ameokoka leo.

Na sasa mtu huyo alikuwa anapekua zile karatasi za Rongai kwa kidole kimoja, kama mtu anayegeuza panya mfu kwa kijiti. Karatasi zenyewe aliziandika yeye. Kila mada, kila wiki, kila zoezi. Hata fundi wa redio alikuwemo, katika zoezi la wiki ya nne.

"Hizi ni nyepesi," alisema. "Nani alikuwa anawafundisha huko?"

Cherop alimtazama. Akatazama kibuyu. Akamtazama tena. Mwalimu naye akageuka kuangalia alichokuwa anaangalia, akajikuna shingo, lakini mdomo haukubadilika.

"Tutazipitia," alisema. "Utaitwa."

Nje, Shiko alimwita kwa mkono. Alikuwa msichana mnene mwenye kucha za rangi ya zambarau na sikio lisilopitwa na kitu.

"Dadangu, usimtaje na Rongai hapa ndani. Walimu wa hapa hawaruhusiwi kufundisha nje. Kuna mmoja alifutwa kwa hiyo, na alikuwa hata na PhD."

"Kwa hivyo wewe unajua alifundisha Rongai?"

"Mimi? Mimi sijui kitu. Mimi huchapa tu."

*

Majibu yalitoka baada ya mvua kuanza. Shiko ndiye alimpigia.

"Wamepitisha mbili," alisema.

"Gani?"

"Mawasiliano. Na Ukimwi."

"Na programu?"

"Aki, Cherop, ni hizo mbili. Zingine zote wamesema hazifikii kiwango."

Cherop alikuwa zizini, ameshika ndoo. Alicheka, na kicheko kikatoka vibaya mpaka ng'ombe akarudi nyuma. Miaka miwili. Alikuwa amejua kupanga data, kuunganisha mashine, kuandika programu ya duka la mbegu ambayo mwenye duka anaitumia mpaka leo. Na chuo kikuu kimekubali kwamba anajua kuandika barua na kwamba amesikia habari za Ukimwi.

Mama yake, Winrose, alikuwa mwanamke wa kuamini watu. Si kwamba alikuwa mjinga. Alikuwa na imani moja tu ambayo hakuna mtu angeweza kumtoa nayo: mtu aliyekunywa maziwa yako hawezi kukukana.

"Si umwone Mwalimu Kemboi?" alisema jioni ile, akipuliza moto. "Huyo ni wetu. Anakujua vizuri."

Cherop hakutaka kumwambia. Alikuwa amelifungia lile jambo ndani kama mtu aliyeficha nyama iliyooza, akitumaini haitanuka. Angemwambiaje? Siku ya wazazi kule Rongai, Winrose alivaa kitenge kipya akabeba mursik, maziwa ya kuchachisha taratibu, yaliyopakwa mkaa mzuri, ndani ya kibuyu alichoachiwa na mama mkwe wake. Kemboi alikunywa mbele ya watu, akapangusa mdomo, akasema haya ndiyo maziwa ya kwao, tangu mamake afe hajaonja mengine. Winrose alilia. Akamwambia abebe yote, na kibuyu chake.

Kubeba, si kupewa. Kila mtoto wa Kikalenjin anajua. Kibuyu cha nyumba hakitolewi zawadi. Kinachotolewa ni maziwa. Ukimaliza unakiosha, unakirudisha, na hukirudishi kitupu. Hata kama ni majani ya chai kidogo au sukari kwenye gazeti, unatia kitu. Kemboi hakuzaliwa Mombasa. Alijua.

Mwanzoni Winrose alikuwa akiuliza, "Mwalimu amerudisha sotet, kibuyu chetu?" Cherop anasema bado. Baadaye aliacha kuuliza, lakini msumari wa kile kibuyu ukutani haukupewa kitu kingine.

"Yuko hapo hapo chuoni, mama," Cherop alisema mwishowe. "Ndani ya ofisi yake. Kibuyu chako pia kiko."

Uso wa Winrose uliwaka kuliko moto.

"Amekitunza! Si nilikwambia? Basi nitaenda mwenyewe."

"Mama, usiende."

"Kwa nini?"

Cherop alitafuta jibu, akakosa lisilokuwa na uvundo. Akanyamaza. Na ukinyamaza kwa Winrose, umekubali.

*

Rufaa ya Cherop ilisikizwa na mkuu wa idara, Daktari Kamande, mzee mwembamba mwenye sweta la kijivu ambaye alipenda kuita kila mtu boss, hata wanawake. Walikutana ofisini kwa Kemboi kwa sababu ofisi ya daktari ilikuwa inavuja. Cherop alimwacha mama yake nje na Shiko, akamwambia akae hapo, asiingie, ni mambo ya shule.

"Boss, nimeona rufaa yako," Daktari Kamande alisema. "Lakini Mwalimu Kemboi ndiye mtaalamu. Yeye amesema masomo ya huko hayalingani na yetu."

"Hayakaribiani hata," Kemboi aliongeza. "Hawa wa vyuo vya ghorofani, daktari, wanafundishwa na watu wa kuokotwa. Leo ni mwalimu, kesho anauza kuku."

Aliyasema akimtazama Cherop machoni. Hicho ndicho kilimchefua zaidi ya vyote. Angetazama chini, Cherop angemhurumia. Mtu anaogopa kupoteza kazi, ana watoto, anadanganya. Hayo mtu anaweza kuyameza. Lakini huyu alikuwa ameuzoea uongo wake mpaka umekuwa na ladha, anautafuna kama miwa.

"Daktari," Cherop alianza, "huyo mwalimu wa kuokotwa..."

Mlango ukafunguliwa. Winrose alikuwa amechoka kungoja.

"Hodi hapa! Mzazi anaruhusiwa?"

"Ingia, mathe, ingia," alisema Daktari Kamande, akivuta kiti.

Winrose hakukiona kiti. Alikuwa amemwona Kemboi.

"Chamgei, mwalimu!" Alivuka ofisi kwa hatua kubwa, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akautikisa. "Ai, umenenepa! Nakuru imekukubali. Ama ni yale maziwa yangu?"

Kemboi alijaribu kuuchomoa mkono wake.

"Daktari," Winrose alimgeukia mzee, uso umejaa furaha, "huyu ndiye aliyenisomeshea mtoto. Jumamosi zote! Mvua ikinyesha yeye yuko Rongai, matope mpaka kwa goti. Gari likikwama hapo chini kwa soko, vijana wanasukuma. Nilikuwa nawaambia wengine, mwalimu kama huyu hamtapata. Sasa Cherop ananiambia kuna shida ya yuniti, nikasema shida gani na mwenye kufundisha yuko?"

Kule nje kuchapa kwa Shiko kulikuwa kumesimama.

"Rongai," alisema Daktari Kamande polepole.

"Rongai, juu ya duka la mbegu. Na kibuyu changu hiki hapa!" Winrose aliinua mikono, akakishusha kabatini. "Umekiweka juu kama kikombe cha mpira! Nilijua utakitunza."

"Kemboi," alisema daktari. "Si ulituambia ni cha wakwe zako? Si tulikunywa hayo maziwa hapa, mimi na wewe?"

Winrose alitoa kalamu moja moja, akaziweka mezani kwa heshima. Akatoa rula. Akatoa mwavuli. Halafu akafanya ambacho mwanamke yeyote wa kwao hufanya akishika kibuyu: akakileta puani.

Cherop aliona uso wa mama yake ukifunga. Winrose aliinamisha kibuyu juu ya meza ya mwalimu, akakigonga mgongoni kama anayemgonga mtoto aliyepaliwa. Yalitoka maganda ya karanga. Zikatoka bablish zilizotafunwa, ngumu, zenye alama za meno. Yakatoka majani ya chai ndani ya vifuko vyake, yenye ukungu wa kijani, na vijiti vya miraa, na mwishoni kitu chenye unyevu ambacho hakuna aliyetaka kujua kilikuwa nini. Harufu ikajaa ofisi. Daktari Kamande akavuta kola ya sweta juu ya pua.

"Uliniambia haya ni maziwa ya mama yako," Winrose alisema. Sauti ilikuwa ndogo. "Ukaanza kutemea humo."

"Mama Cherop, si hivyo, ni wale watu wa kufagia..."

"Usiniite Mama Cherop. Huyu humjui. Nimesikia nikiwa mlangoni. Watu wa kuokotwa."

Kumbe alikuwa amesimama pale muda. Kumbe ile furaha yote, kule kutikisa mkono, alikuwa anampa mtu nafasi ya mwisho ya kukubali kwamba anawajua.

Daktari Kamande alikohoa. "Mathe, boss, mtupe dakika kidogo. Ngojeni hapo kwa Shiko."

*

Walikaa kwenye benchi, kibuyu kikiwa magotini mwa Winrose. Cherop alikaza masikio. Alingoja kelele. Alingoja kusikia mzee akigonga meza, akisema utafutwa, umeaibisha idara. Ilikuwa haki yake kusikia hivyo, alijiona ameshailipia.

Kwanza kulikuwa na minong'ono. Kisha, kupitia ule ukuta wa mbao, wakasikia kicheko. Cha mmoja, halafu cha wawili.

Shiko aliinamia mashine yake. "Walisoma pamoja," alisema bila kuulizwa. "Na daktari naye ana Jumamosi zake, upande wa Naivasha. Lakini mimi sijui kitu."

Shiko akaitwa ndani aje na muhuri. Ukasikika ukigonga: ta, ta, ta, ta, kama mtu anaua mende. Alipotoka, Daktari Kamande alikuwa nyuma yake, anatabasamu, mikono imefunguliwa.

"Boss, hongera! Tumeziangalia upya kwa makini. Zote zinalingana. Mwaka wa tatu, Jumatatu unaingia darasani." Akamwinamia Winrose. "Na mathe, mambo ya nyumbani tuyaache nyumbani. Si ni sawa?"

Winrose alikuwa anasugua ile shanga ya kijani kwa kidole gumba.

Cherop alichukua karatasi. Programu, imepita. Data, imepita. Mitandao, imepita. Alikuwa amelia kwa ajili ya karatasi hii, amefunga na kuomba kwa ajili yake, na sasa ilikuwa mkononi mwake bado ina unyevu wa wino. Akashuka mpaka mstari wa mwisho.

"Daktari, hii ya hesabu za kompyuta sikufanya. Chuo kilifungwa kabla hatujaianza. Niliandika hapo kwamba sikufanya."

"Umepewa, chukua."

"Lakini sikuisoma."

"Msichana," mzee alisema, na ule ubosi ukamtoka, "wengine wana njaa, wewe unatema?"

Akarudi ndani, akafunga mlango.

Cherop alisimama pale na karatasi yake. Hapo ndipo alipoelewa kitu kilichomfanya atamani kunawa mikono. Hawakuwa wamesoma. Walipokataa hawakusoma, na walipokubali hawakusoma. Usiku wote aliokesha na programu zisizofanya kazi, kule kushuka ngazi na kupanda, fundi wa redio wa Londiani, hakuna jicho lililopita hapo. Angeandika pale kwamba amesomea kuchinja mbuzi, wangegonga muhuri.

"Shiko, nifutie hii moja."

"Ati?"

"Nifutie. Nitaifanya na wa mwaka wa kwanza."

Shiko alimtazama kama mtu anayetazama ng'ombe akipanda mti. "Nimekaa hapa miaka mingi. Wanakuja wakilia niwaongezee. Wewe ni wa kwanza kuniambia nipunguze." Lakini alivuta rula, akachora mstari, akaweka sahihi yake ndogo kando. "Una kichwa kigumu. Kitakusaidia ama kitakumaliza."

*

Nyumbani Kiplimo aliruka aliposikia. "Mwaka wa tatu! Kwa hivyo zamu yangu haiko mbali! Mama, tuchinje jogoo!"

"Chinja," alisema Winrose. Lakini hakuingia jikoni. Alikuwa nyuma ya nyumba na maji ya moto na ufito wa kusugulia. Alisugua, akasuuza, akanusa. Akatia makaa, akatikisa, akamwaga, akanusa. Siku iliyofuata akarudia. Siku nyingine tena. Cherop alimkuta ameketi chini, kibuyu kati ya miguu.

"Harufu imetoka?"

"Imeingia kwa kibuyu chenyewe." Alimpa anuse. Kulikuwa na moshi, na mkaa, na chini ya moshi na mkaa, mbali, kulikuwa na ofisi ile. "Hakitabeba maziwa tena. Tutaweka mbegu za malenge."

"Mama, pole."

"Pole ya nini? Mimi ndiye nilimpa." Alikata uzi wa mkanda kwa meno, akaitoa ile shanga ya kijani, akamwekea binti yake kiganjani. "Hiyo haikuwa ndani. Hiyo haijachafuka."

Jumatatu Cherop alifika mapema, akaketi nyuma. Darasa lilijaa. Mwalimu wa yuniti ya kwanza ya mwaka wa tatu aliingia akiwa na karatasi za manjano chini ya kwapa, akaziweka mezani, akatazama darasa lote isipokuwa kona moja.

"Hamjambo. Leo nitawapa hadithi. Kulikuwa na fundi wa redio huko Londiani..."

Wanafunzi wakaanza kutabasamu. Mvulana aliyekaa karibu na Cherop akamnong'onezea, "Huyu msee husemekana ni moto sana."

Walicheka alipofika kwenye ndoa. Cherop hakucheka, alijua inapoishia. Lakini Kiplimo alikuwa anangoja, na masomo yenyewe hayakuwa na kosa. Alimeza mate, yakashuka kama maziwa yaliyoharibika, akafungua daftari na kuanza kuandika.